Mtani wa Mama

Mwaka wangu wa kwanza chuoni niliumaliza nikiwa nimefaulu masomo yote isipokuwa moja, na nikiwa nimegombana moyoni na rafiki yangu wa pekee. Somo nililirudia nikafaulu. Hili la pili bado nalishughulikia.

Majina nayaacha. Huyo rafiki nitamwita mtani, kwa sababu ndilo jina alilokuja kupewa nyumbani kwetu, na likamkaa kuliko jina lake la cheti.

Tulikutana kwenye foleni ya hosteli. Nilikuwa nimetoka Msimbu, Kisarawe, na begi la kuazima na kiroba cha mihogo ambayo mama alisema nikawape watu wa chuo, kana kwamba chuo ni nyumba ya ndugu ambayo huwezi kuingia mikono mitupu. Tulipokaribia dirisha, yule dada wa ndani akasema vitanda vya wanawake vimekwisha, akafunga. Watu wakaanza kupiga simu kwa wajomba zao. Mimi mjomba wangu yuko Msimbu na anachoweza kunipa ni mihogo mingine. Msichana aliyekuwa mbele yangu, mrefu, wa miwani, akageuka. Akaniangalia mimi, akakiangalia kiroba.

"Una pa kwenda?"

"Sina."

"Twende kwetu basi. Kibaha si mbali kivile."

Si mbali kivile! Tulikuwa tunatoka nyumbani kuku bado wamelala na tunarudi kuku wameshalala. Lakini sikuwa na la kuchagua, na nasema haki: yeye na wazazi wake walinipokea bila kuuliza nitakaa mpaka lini. Nyumba yao ipo Picha ya Ndege. Baba yake na mama yake wote ni watumishi wa serikali, wana ofisi zao Dar, asili yao Usukumani. Walinunua kiwanja pale zamani, kabla watu hawajaanza kukigombania kila kipande cha ardhi chenye kuona barabara. Nyumba ya vigae, geti jeusi, friji ya milango miwili, televisheni ukutani. Mimi na yeye tulilala chumba kimoja, vitanda viwili, na changu kiliwekewa chandarua kipya siku ileile.

Nikaanza kumwonea wivu kesho yake asubuhi. Nilionea wivu geti. Mtu anaonea wivu geti? Mimi nililionea. Nilionea wivu namna alivyofungua friji bila kujua anatafuta nini, akasimama pale, akafunga, akaondoka. Kwetu mtu akifungua kawa anajua anachokwenda kukichukua. Nilionea wivu baba yake alivyomwita "mama", na alivyomuuliza, akifunga tai, "Wewe unaonaje?" kuhusu mambo ya nchi, halafu akasubiri jibu. Wazazi hao walikuwa wakiondoka mapema na kurudi wamechoka, chakula wanakikuta kimefunikwa mezani, na mara nyingi yeye alikula peke yake mbele ya televisheni. Hilo nalo nililionea wivu. Nililiita uhuru.

Darasani ilikuwa vilevile. Kiingereza mimi nilikijua cha kwenye karatasi. Mhadhiri wetu wa takwimu alikuwa akikiongea kama mtu anayewahi gari, na nilipokuwa bado naishika sentensi ya kwanza yeye alishafuta ubao. Kwenye semina siku moja nikaulizwa swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo lote kichwani, kwa Kiswahili, limekamilika. Nikasimama. Nikaanza kulihamisha neno moja moja. Nilipofika katikati mtani akanyoosha mkono akalisema lote, na wahadhiri wanavyopenda mtu aliyenyooka, akaambiwa vizuri sana. Nikakaa chini. Hakuwa ameniibia, nilijua. Lakini ukimwona mtu amevaa nguo iliyo sawasawa na ile uliyokuwa unaishona, utasema nini?

Jaribio la kwanza la takwimu nilianguka. Yeye alipata alama ambazo watu walikuja kuzitazama ubaoni. Basi jioni zote zikawa za kunifundisha, kwenye meza yao ya vioo, kwa uvumilivu, akirudia na kurudia, akinichorea vijedwali. Nani anaweza kumchukia mtu anayemfundisha takwimu? Mimi niliweza.

Kitu kimoja tu nilikuwa nacho ambacho yeye hakuwa nacho, nacho ni kwetu. Kwa hiyo nilimsimulia kwa makusudi. Nilimwambia kuhusu shamba la mihogo linavyoanzia mlango wa nyuma, kuhusu mikorosho, kuhusu mama ambaye tangu baba afariki, nikiwa bado sekondari, ameishika nyumba ile peke yake na mimi mwanawe mmoja. Nilitaka na yeye atamani. Akawa ananisikiliza mkono umesimama juu ya sahani, ugali unapoa. Nikaona raha. Likizo fupi ya katikati ya muhula ilipokaribia akasema, "Nipeleke," na mimi kwa ujinga wangu nikaona hapo ndipo atanitambua.

Lazima niseme mama yangu ni mtu wa namna gani. Si mkali, ila maneno yake ni ya kazi. Na kwetu Wazaramo mama na binti wana mpaka wao. Nilipovunja ungo nikawekwa ndani, aliyenifunda hakuwa yeye, alikuwa somo wangu, mke wa jirani. Mama alikaa uani anamenya mihogo kana kwamba kinachofanyika chumbani ni cha watu wengine. Ndivyo inavyokuwa. Mambo ya mwili, ya wanaume, ya ndoa, binti hayasikii kwa mama yake, na ya mama binti hayaulizi. Tulizungumza mvua, nguruwe pori, shule, nani kafariki. Nikiwa mdogo nilimjua zaidi kwa mgongo, kwa sababu alikuwa akilima mbele yangu. Na nilimpenda hivyohivyo, na nilijua kwamba mimi ndiye mtu wake.

Tukafika Msimbu mchana. Mama alikuwa uani anakata mihogo ya makopa, ile ya kuanika. Mtani akapiga goti kidogo, wanavyofanya kwao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Kwenu wapi?"

"Kibaha, mama. Ila asili yetu Usukumani."

Mama akaweka kisu chini. "Msukuma?"

"Ndiyo."

"Msukuma mzima mzima, amesimama kwenye uwanja wangu, na hajaomba ruhusa?"

Nikadhani mama anaumwa. Sijawahi kumsikia akimsemesha mgeni hivyo, wala mwenyeji. Lakini yule msichana hakupepesa jicho. Kumbe baba yake alishamfundisha.

"Niombe ruhusa kwa nani? Babu zangu wamepita hapa na mizigo kichwani, mkawalisha mihogo mibichi, mpaka leo ukoo mzima tunaumwa matumbo. Nimekuja kuchukua fidia."

Mama akacheka. Sisemi alitabasamu. Alicheka mpaka jino la mwisho likaonekana, kanga ikamlegea, akaifunga, ikalegea tena. "Mtani wangu! Jamani, njooni muone, nimeletewa mtani!" Majirani wakatoka. Utani wa Wazaramo na Wasukuma ni wa tangu enzi, kila mtu anaujua, nami nilikuwa naujua kama jambo la kwenye misiba na harusi za watu wengine. Sikujua kwamba mama yangu alikuwa nao ndani miaka yote hiyo, umekaa tu, unasubiri mtu wa kuufungulia mlango.

Kabla hajanywa maji mtani alishamkamata jogoo wetu na kumfunga miguu. Watani hawaombi, wanachukua. Mama akapiga makofi na kelele, "Mwizi! Nimeibiwa na Msukuma!" na hakunyanyuka kumzuia. Jogoo yule mimi nilimlea tangu kifaranga. Kama ningemgusa bila kuambiwa ningesemwa mpaka magharibi.

Niliona wivu. Nilisimama pale na mabegi mawili, langu na lake.

Siku zile zote walikaa mkekani wawili, wanamenya, wanatukanana, wanacheka. Mtani anamwambia mama Wazaramo wanauza shamba ili wacheze ngoma, mama anamwambia mtani Wasukuma wanamwambia ng'ombe siri ambazo hawamwambii mke. Mimi nilitumwa maji. Mgeni amekaa, mwenye nyumba anakwenda kisimani! Nikirudi na ndoo nilikuwa nasikia wamepunguza sauti. Nikijaribu kuingiza neno la mzaha mama ananiangalia kwa mshangao, si kwa ubaya, kama vile kiti kimesema. Kwangu mimi mama alikuwa na heshima. Furaha alikuwa nayo kwa mwingine.

Tuliporudi Kibaha yakaanza ya simu. Mama alikuwa akinipigia mimi, tukasalimiana, akauliza masomo, akauliza kama nakula, halafu: "Haya. Mpe mtani wangu." Namshikisha simu yangu mwenyewe, na yeye anatoka nayo mpaka getini. Namwona kupitia dirisha ameinama kwa kucheka. Baadaye akawa anapigiwa moja kwa moja. Nikimuuliza wanaongea nini anasema, "Mambo ya watani."

"Mambo gani?"

"Matusi tu, besti. Mama yako ana matusi yule! Nikiongea naye kichwa kinapumzika."

Kichwa chake kinapumzika. Changu je? Muhula wa pili ulikuwa umeshanikalia shingoni. Kazi za kikundi ambazo wenzangu walizifanya kwa kutumiana ujumbe wa Kiingereza cha mkato, maktaba ambayo nilijifunza kuitumia nimeshachelewa, na kila mtu akisimulia habari za waliodisko mwaka jana, wakarudishwa makwao kabla hawajajua hata majengo yote. Nilikuwa naogopa sana, na mtu niliyetaka kumwambia naogopa alikuwa ananiuliza kama nakula halafu anaomba apewe mwingine.

Jumamosi moja nilibaki Picha ya Ndege nafua na kusubiri wenzangu wa kikundi wanipigie. Mtani alikuwa ameondoka asubuhi, akasema ana safari yake. Akarudi alasiri. Alikuwa ametoka Msimbu, kwetu, peke yake, bila kuniambia, na mabegani alikuwa amejitanda kanga ambayo niliitambua kabla sijamtambua yeye. Doti ile nilimnunulia mama mimi, mkopo wa kwanza ulipoingia. Nilizunguka maduka mpaka muuzaji akanichoka. Mama alikuwa ameikata. Kipande kimoja amebaki nacho, kimoja kipo kwenye mabega ya mtu mwingine, getini Kibaha.

Yeye hakuniita besti siku hiyo. Alikuja mpaka kwenye beseni akasimama wima, mikono mbele.

"Mtani, nimetumwa."

Hapo ndipo nilipotakiwa kuosha mikono na kukaa kitako. Mtu wa kwetu yeyote mwenye akili zake angejua. Mtani akija kwako kwa maneno hayo, hata yatakayofuata yawe ya kuchekesha namna gani, amebeba jambo. Neno zito kwetu linapewa mtani kwa sababu yeye ukimtukana hapasuki, ukimwambia hapana harudi na kinyongo. Lakini mimi masikio yalikuwa yameziba. Nilikuwa naisikiliza kanga.

"Nimekuja kukunyang'anya mama," akasema. "Kuna mzee mmoja wa Gwata, alifiwa na mkewe, ana shamba lake na mbuzi zake. Alikuja Msimbu kutafuta mbegu ya mihogo, sasa hataki tena mbegu, anamtaka mwenye mihogo. Sisi watani tumekaa tumeona tumuoze. Wewe unasemaje?"

"Mchukueni."

"Unasema?"

"Si mmeshamchukua? Mmechukua jogoo, mmechukua kanga, mchukueni na mwenyewe. Mimi simtaki."

Nikalipiga shati kwenye beseni mpaka povu likamrukia miguuni. Yeye hakusogea.

"Mtani, nimekuuliza."

"Na mimi nimekujibu. Mchukueni, muozeni, mkale hizo mbuzi. Simtaki."

Akaondoka akaingia ndani. Mzee wa Gwata mimi nilimhesabu pamoja na wale babu walioumwa matumbo, mtu wa utani tu, wa kuchekea. Nilimaliza kufua, nikaanika, nikaenda kwenye kikundi. Kuanzia hapo mama akawa hampigii mtani sana, na simu zangu zikawa fupi lakini zangu peke yangu. Nikafurahi. Niliingia kwenye mitihani nikiamini nimemrudisha mama yangu.

Mitihani ilipokwisha nilikwenda Msimbu peke yangu. Nikakuta nyumba imepakwa chokaa. Mikeka mipya imekunjwa ukutani, na mke wa mjomba, yaani mke wa kaka yake mama, anafagia uwanja kwa bidii ambayo si ya siku ya kawaida. Mama akaitikia shikamoo yangu akiwa ameangalia mlango, akaniuliza safari, akaingia ndani. Nikamfuata mke wa mjomba nyuma ya jiko.

"Kuna nini hapa?"

"Kuna nini tena, na wewe ndiye uliyeruhusu? Ijumaa wanakuja watu wa Gwata kufunga ndoa."

Nikakaa juu ya kinu.

"Mama yako amekaa na lile neno tangu vuli," akasema. "Mjomba wako akamwambia, dada, mpe mtu jibu. Akasema simpi mtu jibu mpaka mwanangu aseme. Sisi akatukataa, akasema mkienda nyie mtoto ataona aibu, atakubali kwa heshima. Akamtuma mtani. Unadhani mtu anatumwa neno kama lile bila kupewa kitu? Akaikata kanga yake ile nzuri akampa. Basi, ukasema."

Nilimpigia simu mtani kutoka kwenye mikorosho, pale mtandao unapokamata.

"Yale maneno uliyapeleka?"

"Niliyapeleka. Nilirudi Msimbu mwenyewe."

"Yote?"

"Ulivyosema. Sikuongeza, sikupunguza."

"Hata kwamba simtaki?"

"Hata hilo. Aliniuliza kama ulikuwa unacheka. Nikamwambia hapana, hukucheka. Akasema, basi ameniruhusu. Halafu tukaenda kuanua makopa, mvua ilikuwa inakuja."

Watu watasema hapo nilipaswa kujionea aibu. Sawa, aibu ilikuwepo. Lakini kubwa kuliko aibu, na nalisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, ulikuwa ni wivu uleule, na sasa umenenepa. Mama yangu aliambiwa kwamba mwanawe hamtaki, na aliyekuwepo kuuona uso wake ni mtani. Aliyeanua naye makopa ni mtani. Hata hilo la mama kuumizwa na mimi, yeye ndiye aliyelipata kwanza.

Na nilikuwa nampoteza. Siyo kwa maneno, kweli kabisa. Gwata iko Kibaha vijijini, upande mwingine kabisa. Nyumba ya Msimbu ingefungwa. Nami sikuwa na njia ya kumfikia. Ningemwambiaje mama, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, habari ya ndoa yake? Nilijaribu. Nilimkuta anachambua mchele, nikakaa mbele yake, nikafungua mdomo, nikasema wadudu wamekuwa wengi mwaka huu. Akasema ndiyo, wamekuwa wengi.

Ijumaa ikafika. Baada ya sala watu wa Gwata wakaja na gari lao aina ya Noah, mbuzi amefungwa nyuma. Yule mzee, ambaye leo namwita baba na ninamaanisha, nilitaka sana awe mbaya. Nilimtafuta ubaya. Alikuwa mfupi, kanzu imenyooka, na alipopita jikoni alisimama akanipa mkono, akasema pole na masomo. Nikamwonea wivu na yeye, kwa utulivu wake.

Ndoa ya mjane haina makeke. Hakuna ngoma, watu wanakula wanaondoka. Lakini mtani alikuwa amekuja tangu jana yake akasema hawezi kumtoa mtani wake kama mzigo wa kuni, akampaka hina, akafukiza udi. Waliingia chumbani wawili na wanawake wa rika la mama. Mimi sikuruhusiwa. Binti haingii mama yake anapopambwa. Nilikuwa uani na mwiko, nasimamia pilau, moshi machoni, nasikia kicheko chao kwenye dirisha, na mara moja moja kanga ile ikipita.

Mjomba, aliyekuwa walii wa kumwozesha, akaja mlangoni kwenda kuchukua idhini ya dada yake. Mtani akamkingia mchi mlangoni. "Hapiti mtu! Gwata walete mbuzi mwingine, huyu waliyemleta ana kikohozi!" Vigelegele. Mjomba anacheka, wageni wanacheka kwenye mikeka, sheikh anatazama saa. Kisha sauti ya mama ikamwita mtani ndani.

Alipotoka uso ulikuwa umebadilika. Akampita mjomba, akaja moja kwa moja kwangu jikoni, akasimama wima, mikono mbele.

"Mtani, nimetumwa."

Safari hii nikaweka mwiko chini.

"Anauliza lile neno. Ulilisema kweli au ilikuwa hasira?"

Watu wote uani wakawa wanatutazama na kujifanya hawatutazami. Nilijua kabisa nilichoshika mkononi. Nikisema neno moja, Noah ile inageuza na mbuzi wake.

"Mwambie ilikuwa hasira," nikasema. "Mwambie namtaka. Mwambie kama moyo wake unamtaka mzee wa watu, aende. Ila asiende kwa sababu anadhani mimi nimemfukuza."

"Ndefu hiyo."

"Ipeleke yote."

Akaenda. Mjomba akajikohoza. Halafu pazia likafunuliwa na mama akatoka mwenyewe mpaka kizingitini, hina mikononi, ushungi haujafungwa, na wanawake nyuma yake wanamvuta, "Bibi harusi hatoki! Rudi ndani wewe!" Hakuwasikiliza. Aliniangalia mimi usoni. Sijui kama alishawahi kuniangalia kwa muda mrefu namna ile tangu nikiwa wa kubebwa.

"Wewe. Acha hilo sufuria uje unifunge ushungi."

"Mtoto haingii humu!" mke wa mjomba akapiga kelele. "Haijawahi!"

"Huyu ni wangu," mama akasema. Kisha akawaambia wote watoke. Wakatoka mmoja mmoja wakiguna. Mtani alikuwa bado amesimama pale mlangoni na mchi wake, anatabasamu, akidhani yeye hamo katika hao wote, na mama akamwambia, kwa upole, "Na wewe mtani, tupishe kidogo."

Mtani akacheka. Akasubiri tusi lifuate. Halikufuata. Mama alikuwa ameshageuka ananiangalia mimi.

Nikapita mbele yake nikaingia. Nilipogeuka kuushika mlango nikamwona amesimama uani, kipande cha kanga kimemteleza bega moja, anatazama ndani juu ya kichwa changu kumtafuta mama. Uso ule niliujua. Mwaka mzima nilikuwa nauona kwenye kioo cha chumba chake, Picha ya Ndege. Ningeweza kuuacha mlango wazi kidogo. Niliusukuma ukajifunga, nikatia komeo.